Wosia: Msiikimbilie Sababu ya Kwanza

Wajukuu wangu mlio Voi, Mwatate, na ninyi mlio masomoni mbali,

Nguvu zinanipungua, ila kuna neno ambalo sitaki kuondoka nalo. Jambo likitokea, watu hutafuta wa kumlaumu kabla ya kutafuta kilicholileta. Hapa kwetu Utaita tabia hiyo imeua.

Chukueni Vita vya Kwanza vya Dunia: Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Mwaka 1915 wakavuka nyika, wakakipiga kituo cha Waingereza kule mlima Kasigau. Shabaha yao hasa ilikuwa reli ya Uganda. Wakubwa wa Kiingereza hawakupima askari wao walikuwa wangapi, wala mpaka mrefu vile ungelindwaje. Walihitimisha tu: kituo kimeanguka, kwa hiyo wenyeji wametusaliti. Vijiji vikachomwa, Wakasigau wakaswagwa hadi Malindi. Watu waliozoea ukungu wa mlimani wakatupwa kwenye joto la pwani. Wengi walifia huko, na walionusurika walikaa ugenini miaka mingi.

Tuseme yupo aliyewaonyesha Wajerumani njia. Je, bila yeye kituo kingesimama? Na mtoto mchanga wa kijiji cha Bungule, kule Kasigau, alihusika wapi? Hayo ni maswali mawili tofauti, la chanzo na la hatia, na falsafa ndiyo inayotufundisha kutoyachanganya. Imam Ghazali, kwa mfano wake wa moto unaogusa pamba nayo ikaungua, alionyesha kwamba macho huona jambo likifuatwa na jingine, hayaoni moja likilileta jingine. David Hume wa Uskoti akaja kulisema hilo zaidi ya miaka 600 baadaye. Kuunganisha ni kazi ya akili zetu, nayo akili yenye hofu huunganisha haraka mno.

Wala sisi hatukusalimika na haraka hiyo. Mmisionari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883. Ukame ukafuata, na wazee wetu wakasema mzungu huyu ameifunga mvua. Nawaheshimu wazee wale, walikuwa wanazika watoto wao kwa njaa. Lakini swali moja lingewafaa: kule ambako Wray hakukanyaga, mvua ilinyesha? Njaa ile haikuwa ya Sagalla peke yake.

Leo ndovu akifyeka mahindi ya Sagalla, kila mtu ana mkosaji wake. Rudini nyuma taratibu. Tsavo ilifanywa hifadhi mwaka 1948. Mashamba yameongezeka, mvua zimekuwa za kubahatisha, na reli mpya ya 2017 imekata nyika ambamo ndovu hupita. Zote ni sababu, ila hazina uzito mmoja, na si zote mkulima anazifikia. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka mashamba haikuleta mvua wala kusogeza mpaka wa hifadhi. Imegusa sababu moja iliyo karibu na mkono wa mwenye shamba, na ndovu wengi hugeuka wakisikia nyuki. Ndiyo maana nasema kuchambua sababu si anasa ya wasomi.

Nina ombi. Katika vijiji vya Kasigau, Rukanga na Makwasinyi, wapo waliosimuliwa na wazazi wao habari za kuhamishiwa Malindi. Waendeeni na daftari, mapema. Msianze kwa kuuliza nani alisaliti. Ulizeni nani alikuwa wapi, siku gani, na aliyajuaje anayoyasema. Kisha mwulizeni na jirani yake.

Babu yenu,
Voi