Askari wa Kijiji Kilichohamishwa

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi mkoani Singida ilipita masjala, kati ya mafaili na madaftari ya kupokelea barua. Huko ndiko nilikopata msimamo ambao kustaafu hakukuubadilisha: kijana aliyekufa katika Vita vya Kagera anakumbukwa kwanza kwa karatasi iliyoandikwa sawasawa kijijini kwake, kisha mnara na gwaride vifuate. Karani kusifia karatasi si ajabu, najua.

Tuanze na tarehe. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika miezi hiyo michache jeshi lilipanuliwa kwa haraka. Mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza wakapelekwa mstari wa mbele. Kijana wa Iramba au Manyoni aliyeandikishwa wakati huo alitakiwa kutaja kijiji chake. Kipi? Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu nchi nzima, na mwisho uliowekwa ulikuwa 1976. Kijiji alichokitaja pengine kilikuwa na umri wa miaka mitatu, na baba yake bado alikwenda kulima kwenye mahame. Halmashauri za wilaya nazo zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, zikarudishwa miaka ya 1980, na kila mageuzi ya namna hiyo huhamisha mafaili, mengine yakafika na mengine yasifike. Mwaka 2012 Mkalama ikamegwa kutoka Iramba, na Ikungi kutoka Singida. Ongeza majina: la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, na lile ambalo mwalimu au mwandikishaji aliamua kuliandika kwa sikio lake. Bila mtu yeyote kusema uongo, marehemu mmoja anageuka watu watatu. Ukoo unapokwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na muhtasari wa kikao chao mkononi, jina lililo kwenye cheti cha kifo lisipolingana na lile la ukoo, shauri linakwama hapo hapo, na shamba linabaki la kugombaniwa hadi na wajukuu.

Nitaambiwa kwamba taifa limekwisha kuwakumbuka: yapo makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai shada na silaha za asili huwekwa mnarani. Sina neno baya juu ya hayo. Ila Kaboya iko ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, na mkulima wa alizeti wa Singida atauza magunia mengi kabla ya kufika huko. Tena mnara husema na watu wote kwa pamoja. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa heshima ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ni kazi nzuri ya mikono, lakini haikumtaja mpagazi hata mmoja. Ilichukua hadi mwaka 2021 kwa tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwa visingizio vya zamani ni kwamba Mwafrika hajali kaburi lenye jina.

Hoja nzito zaidi ni ya umoja. Mwalimu Nyerere alijenga jeshi lisilouliza kabila, na wapo wanaohofu kwamba orodha za vijiji zitaanzisha mashindano ya nani alitoa damu nyingi. Hofu hii naiheshimu. Orodha za namna hiyo nisingependa kuziona zikibandikwa ukutani wakati wa uchaguzi. Lakini wanajeshi wetu waliouawa Semuliki, mashariki ya Kongo, Desemba 2017, walitajwa kwa majina na miili yao ikarejeshwa nyumbani, na umoja haukupasuka. Ninachodai ni kidogo kuliko hayo: ukurasa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, wenye majina yote ya marehemu, kitongoji cha kabla ya Operesheni na cha baada yake, majina ya wazazi, na mahali alipozikwa kama panajulikana.

Imebaki hoja ya mgambo, na ya yule aliyekufa kwa ajali ya gari au homa kabla hajafyatua risasi. Wengine wanaona hao si wa kuandikwa pamoja na waliokufa vitani. Mimi nasema cheo na namna ya kufa viwekewe safu zake katika ukurasa huohuo. Vijazwe kama vilivyokuwa. Kilichomtoa Singida ni amri ya vita, na hilo halibadiliki hata kama lori lilipinduka kabla ya Bukoba.