Mtoko wa Msituni: Siku Moja Muir Woods na Sausalito

Msomaji mwenye mpenzi wa mbali hahitaji kuelezwa thamani ya siku moja. Mume wangu anafanya kazi za zamu San Francisco, mimi niko Dar na ofisi yangu. Nilipomfuata kwa likizo ya wiki mbili, alipata siku moja tu ambayo haikuwa ya kufua, kununua vitu wala kulala. Jumanne. Na kulikuwa na swali tulilokuwa tunalikwepa kwenye simu mwaka mzima na nusu: yeye arudi, au mimi nihamie? Nikamwambia, baba, hilo hatulijadili kwenye foleni ya dukani. Tutafute kivuli.

Nikachagua Muir Woods, msitu wa miti ya redwudi ulio kaskazini kidogo ya jiji, ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Lakini jamani, siyo mahali pa kuamka na kusema twende. Tangu mwaka 2018 huegeshi gari pale bila kuweka nafasi mapema kwenye intaneti, na nafasi yenyewe ina saa yake. Wasio na gari hulipia kiti kwenye basi dogo la hifadhi, siku ambazo linafanya kazi, kwa hiyo angalia ratiba kwanza. Kiingilio cha mtu mzima ni dola 15, na paking inalipiwa kivyake.

Sasa hapa nisikilize vizuri: msituni simu haishiki mtandao. Tiketi yako ihifadhi kwenye simu au ichapishe kabla hujatoka nyumbani. Na usijidanganye kwamba utaita teksi kwa simu ikurudishe. Utaiita kwa mtandao gani?

Kuhusu mavazi, California ya kwenye sinema ni jua na kaptula. Huku ukungu wa Pasifiki unaingia mpaka ndani ya bonde, na hata mwezi wa saba utatafuta sweta. Vaa raba, shoga yangu, viatu vya kisigino viache kwa ajili ya jioni. Kama unatapika kwenye magari, tafuna tangawizi, maana barabara ya kushukia kule ni nyembamba na kona zake ni za Lushoto kabisa.

Tuliingia saa mbili asubuhi, msitu ndiyo unafunguliwa. Nenda saa hiyo. Ikifika saa tano kuna mabasi ya watalii na watoto wa shule, na mapenzi yanahitaji nafasi.

Mti mrefu kuliko yote pale una mita karibu 79, na mingi ina umri wa miaka 500 hadi 800. Mume wangu, Mchaga wa Marangu, hakukubali kushindwa: akanikumbusha kwamba kuna mkukusu Kilimanjaro ambao watafiti waliutangaza mwaka 2016 kuwa na mita 81.5. Haya, hongera. Lakini hata yeye alinyamaza alipoona jinsi redwudi inavyozaana. Mti mkubwa ukianguka au ukiungua, machipukizi yanatoka kwenye shina na mizizi yake, na baada ya miaka mingi unakuta duara la miti mirefu, katikati peupe pale mama alipokuwa.

Historia ya msitu ni habari ya mke na mume. William Kent na mkewe, Elizabeth, walinunua eneo hili mwaka 1905 kwa dola 45,000. Inasimuliwa kwamba mke aliogopa deni, na mume akamuuliza kama hata wakipoteza pesa zao zote, kuiokoa miti hii hakutoshi. Kisha kampuni ya maji ikataka kujenga bwawa bondeni. Ili kulizuia, wakaipa serikali sehemu ya ardhi, na Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akaitangaza kuwa hifadhi. Roosevelt alitaka kuiita kwa jina la Kent. Kent akakataa, akataka jina la John Muir, mtetezi wa misitu.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Mke alikubali."

"Alikubali kuhusu miti," nikamjibu. "Hakuambiwa aache kazi."

Basi, swali likawa limeshafunguliwa. Tulikuwa tumefika Cathedral Grove, sehemu ambayo wajumbe wa mkutano wa kuanzisha Umoja wa Mataifa walikusanyika Mei 1945 kumkumbuka Franklin Roosevelt. Kibao kinaomba wageni wawe kimya. Kwa hiyo tulibishana kwa kunong'ona, na nawaambieni, jaribuni. Huwezi kumkatisha mtu kwa kunong'ona. Nilimweleza kuhusu cheo nilichoahidiwa mwakani, jambo ambalo kwenye simu lilikuwa linameza dakika zetu zote. Yeye akaniambia kwamba anaogopa kurudi mikono mitupu. Alikuwa hajawahi kulisema.

Njaa ikatupeleka Sausalito, mji mdogo wa pwani usiozidi nusu saa kwa gari. Maduka ya barabara kuu sikuyapenda sana, bei ni za watalii. Nenda kwenye nyumba zinazoelea, mamia yake, zimefungwa gatini kama majahazi, kila moja na maua na sanduku la barua. Otis Redding alianza kuutunga wimbo wake kuhusu gati la ghuba akiwa kwenye nyumba ya namna hiyo hapa, mwaka 1967. Ila ongea taratibu, watu wanaishi mle.

Tulikula samaki na chipsi, tukageuza risiti na kupiga hesabu nyuma yake: kodi, ada ya mdogo wake, nauli. Mkataba wake unaisha baada ya miezi kumi na nne. Tukaandika mwezi wa kurudi, tukapiga mstari chini yake, risiti akaiweka yeye.

Kurudi mjini kwa gari unalipia daraja, na hakuna wa kumpa pesa mkononi: kamera inasoma namba. Gari likiwa la kukodi, muulize mwenyewe mapema malipo hayo yanakwendaje. Asiye na gari apande boti ya Sausalito, nusu saa hivi mpaka San Francisco. Kaa nje, hata kama kuna baridi.