Mkono wa Kulia

Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi nawasalimia kwa mkono wa kushoto. Leo nasema, na kuna toba ndani yake.

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, niliteleza nyumbani nikaangukia kiganja cha kulia. Mfupa ulivunjika hapa kwenye kifundo cha mkono. Daktari aliuvuta, akafunga plasta, lakini eksirei ya wiki iliyofuata ilionyesha umepinda tena. Ndipo nikapasuliwa upande wa kiganja, mfupa ukanyooshwa na kubanwa kwa bamba dogo la chuma na skrubu.

Nilimuuliza daktari kama chuma hicho ndicho kitaniponya. Akacheka. "Hapana, Mchungaji. Chuma kinashikilia tu. Mfupa unajiunga wenyewe. Kazi yako ni vidole." Kuanzia kesho yake nikunje ngumi, nikunjue, niguse kila kidole kwa gumba. Na mkono ukae juu kuliko moyo usivimbe. Hilo la kuinua mkono halikunisumbua, sisi tumezoea!

Vidole ndivyo vilivyonishinda. Vilikuwa vimevimba, na kila nikivikunja machozi yananitoka. Kisha Jumapili moja nikasimama madhabahuni nikatangaza kwamba nimepona. Mkashangilia. Baada ya hapo ningefanyaje mazoezi mbele yenu? Nikauficha mkono ndani ya koti. Kliniki ya mazoezi nikaikosa mara 3.

Wiki ya 6 eksirei ikaonyesha mfupa umeshika vizuri kabisa. Lakini kijiko sikuweza kukishika. Binti wa mazoezi, rika la kitinda mimba wangu, akaniuliza, "Mchungaji, nani alikuambia uache?" Sikuwa na jibu.

Nimehubiri Luka 6 mara nyingi, yule mtu wa mkono uliopooza. Ulikuwa wa kulia. Hatusomi kwamba Yesu aliugusa. Alimsimamisha katikati ya watu, akamwambia aunyooshe, wote wakitazama. Hilo la kutazamwa nilikuwa nalipita haraka.

Ile Jumapili niliwadanganya. Naomba mnisamehe.

Sasa kila asubuhi na jioni nafinya sponji kwenye maji ya vuguvugu, nageuza kiganja juu kama mtu anayepokea chenji, na Mama Mchungaji anahesabu. (Anahesabu polepole makusudi.) Kifuniko cha chupa nafungua. Kukamua nguo bado. Daktari anasema nguvu inaweza kuchukua hata mwaka kurudi.

Na wewe uliye na plasta: vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, rudi hospitali usiku huo huo. Usingoje Jumapili uombewe. Tutakuombea ukiwa njiani.

Jumapili hii nitakuja na sponji yangu. Mkinisalimia, nipeni mkono wa kulia, ila msifinye sana.