Mvua Imenyesha Wapi?

Novemba 2024 nilikuwa jikoni kwa wakwe zangu, Frankfurt, mvua ya baridi ikipiga kioo, baba mkwe akafungua kalenda ya mwaka uliofuata na kuniuliza: "Wanavuka tarehe ngapi?" Nyumbu, yaani. Alitaka kujua siku watakayovuka mto Mara, aiandike kwa kalamu. Mimi ndiye Mkenya wa nyumba ile, kwa hiyo ilidhaniwa najua.

Nilizaliwa Golini, Kwale. Mpaka naolewa sikuwa nimemwona nyumbu ila kwenye televisheni.

Nikatoka barazani nikampigia mjomba wangu Msambweni, ambaye aliendesha magari ya watalii kutoka Diani kwa zaidi ya miaka ishirini. Shikamoo, marahaba, habari za baridi. Nikamweleza shida yangu. Akanijibu kwa swali: "Mvua imenyesha wapi?"

"Mjomba, ni ya Agosti ijayo."

"Agosti ijayo! Basi waniuliza nini saa hizi, mwanangu?"

Nimekaa na maswali hayo mawili mwaka mzima. Nisidhaniwe nawacheka Wajerumani, maana kupanga mapema kwao ni sharti. Sheria inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo isiyopungua siku 20 kwa mwaka, na wengi hupata zaidi, lakini siku hizo hugawanywa kazini kama nyama ya harusi: anayechelewa hupata mifupa. Mwenye watoto ndiye kabisa. Kumtoa mtoto shuleni siku mbili kabla ya kufunga ili uwahi tiketi ya bei nafuu ni kosa la kutozwa faini. Na anayekuuzia ndege, kitanda na gari kwa mkupuo mmoja hulazimika kukupa hati ya dhamana, ili kampuni ikifilisika pesa zako zisizame nayo. Baba mkwe huiweka hati hiyo kwenye faili, pamoja na bima ya kughairi safari na karatasi ya daktari ya dawa za malaria.

Kwetu dhamana ni mtu. Ukitembea ufuo wa Diani utakutana na kijana mwenye albamu ya picha zilizopigwa plastiki, simba ukurasa wa kwanza, twiga wa pili, na namba ya simu mwisho. Pesa huenda kwa M-Pesa. Mambo yakiharibika, mimi najua nyumba ya mama yake iko Ukunda upande gani, nitakwenda kuketi pale mpaka kieleweke. Mgeni wa Frankfurt haijui nyumba hiyo. Ndiyo maana nikiulizwa na wageni huwaambia waombe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na walipe kwa kampuni, si kwa jina la mtu. Vijana wa ufuoni wameninunia kwa hilo, na wengine ni binamu zangu.

Hata neno safari lenyewe tumegawana vibaya. Mama akienda hospitali ya Msambweni kwa matatu, hiyo ni safari. Kijerumani kimelichukua neno kikalibana: huko safari bila mnyama si safari. (Na mkiwa Kwale, wageni wangu, semeni ndovu. Ukiagiza tembo kwa mzee wa pwani unaweza kuletewa kibuyu cha mnazi.)

Wajerumani hawakuanza jana kuwapenda nyumbu hawa. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, walirusha ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia juu ya Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, wakahesabu wanyama kutoka angani. Nyumbu waliowapata hawakufika laki moja. Januari 1959 ndege ile ilianguka, Michael akafa. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na baba mkwe aliitazama akiwa mtoto. Leo nyumbu kwa kawaida hukadiriwa kuwa takriban milioni 1.3, na sababu kubwa ilianzia zizini: ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ndama wa nyumbu ulikatika, na kundi likafura.

Tukirudi kwenye simu ile, mjomba akawa mwalimu. "Wataka kuwaona nyumbu, ama wataka kuwaona wakivuka?" Ni mambo mawili, alisema, na wauzaji huyachanganya makusudi. Kuwaona si kazi, maana wako mahali fulani kila siku ya mwaka. Januari hadi Machi wako kusini, nyika za Ndutu, ambako nyasi fupi za udongo wa volkano zina madini ya kuwafaa wanaonyonyesha, na mamia ya maelfu ya ndama huzaliwa ndani ya wiki chache. Mvua za masika zikiisha nyika hukauka, nao huelekea magharibi na kaskazini. Karibu na Juni wako upande wa mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, na hapo ndipo mto Mara unapowakata njia, nao huvuka kwenda na kurudi kufuata wingu lililomwaga usiku. Mvua ikichelewa kusini, wanakawia kurudi. Ikinyesha nyuma yao ghafla, wanageuka. Kwa hiyo swali la mvua, ambalo mimi nilidhani ni mzaha wa mzee, ndilo swali lenyewe, na Novemba halina jibu.

Ushauri wake ulikuwa mfupi: shikeni majira, msishike siku. Laleni usiku nne mahali pamoja karibu na mto, badala ya usiku mmoja mmoja kambi nne. Hizi safari za kuruka kutoka uwanja mdogo wa Ukunda asubuhi, kulala mbugani Mara usiku mmoja na kurudi ufuoni, ni nzuri kwa simba, lakini kwa kuvuka ni bahati nasibu. Na msijidanganye kwamba mkiwakosa Kenya mtawafuata ng'ambo: lango la Bologonja, kati ya Mara na Serengeti, limefungwa kwa watalii tangu 1977. Nyumbu hupita hapo bila pasi, binadamu huzunguka mpaka Isebania.

"Kwani hapa kwetu si vivyo hivyo?" aliongeza. Miezi hiyohiyo ya kusi, nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa maji ya joto, hupita Diani na Shimoni, na hakuna mvuvi wa Mkunguni anayeuliza tarehe. Bahari inachafuka, uvuvi unakuwa wa shida, basi wamekaribia.

Tukaenda Agosti 2025. Langoni mwa Mara familia moja iligawanyika: baba mkwe, mama mkwe na mume wangu walilipa dola 200 kila mmoja kwa siku, bei ya wageni ya Julai hadi Desemba, mimi nikatoa kitambulisho nikalipa kwa shilingi. Sheria ya Ujerumani iliyoanza Juni 2024 ndiyo iliyoniruhusu kuchukua pasi yao bila kuirudisha ya Kenya, na sijawahi kuishukuru kama siku ile. Lakini nikaona aibu pia. Nafuu hiyo ipo kwa ajili yetu, na kutoka Golini simjui mtu aliyewahi kuitumia. Mjomba amefika Mara mara zisizohesabika, zote akiwa kwenye usukani, macho kwa abiria.

Siku ya tatu walikusanyika ukingoni, vumbi limesimama kama ukuta, punda milia mbele. Saa tatu nzima. Mmoja akateremka, akanusa maji, akageuka, na wote wakageuka naye. Baba mkwe akatazama saa yake, akamuuliza dereva: "Kesho saa ngapi?" Dereva akacheka: "Mzee, muulize yule wa mbele."

Kesho yake walivuka, kwingine kabisa, sisi tukiwa kambini tunakunywa chai. Baba mkwe akatoa kalamu akaiandika tarehe ile hata hivyo.

Tulirudi pwani tukapitia Golini kumsalimia mama. Shamba lake liko kando ya msitu wa Mwaluganje, na mahindi ya mvua ya mwaka yalikuwa yamevunwa, yale yaliyobaki. Kwa mama ndovu hahitaji tangazo: mahindi yakibeba, anakuja, na miaka ya utoto wangu tulipanda dungu usiku na madebe ya kupiga kelele. Mwaka 2005 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilihamisha ndovu 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki kwa malori. Mama husema wa kwake waliachwa. Alimtazama baba mkwe akimwonyesha picha kwenye simu, ndovu mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa Kidigo, ili mgeni asisikie, watu hawa wamelipa kiasi gani. Nilipomwambia, alikaa kimya muda mrefu.

Nimemwambia nataka nimpeleke Ndutu Februari, ndama wanapozaliwa. Mjomba ameshachora njia: Lunga Lunga, Tanga, Moshi, Arusha, hapo tupande gari la Watanzania. Wiki iliyopita mama alinipigia mwenyewe.

"Hao nyumbu, wala mahindi?"

"Hawali, mama. Nyasi tu."

"Basi nitakwenda."