Kilwa, Mji Uliotajirika kwa Dhahabu Isiyo Yake

Sisi tukaao Kambarage, hapa Shinyanga, twaijua dhahabu. Vijana wetu huiendea Geita, na wengi hurudi mikono mitupu. Kwa hiyo nilipovuka kwenda Kilwa Kisiwani, jambo moja lilinishangaza kuliko magofu yenyewe: mji ule ulitajirika kwa dhahabu, wala kisiwani hapakuchimbwa hata chembe.

Dhahabu ilitoka nchi ya juu ya Zimbabwe, ikashuka pwani ya Sofala, ikapakiwa majahazini. Masultani wa Kilwa walikuwa na bandari njema, wakaishika biashara ile na kutoza ushuru. Walifua hata sarafu zao za shaba, na moja imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Wanafunzi wangu waliniuliza wachimbaji walipata nini. Niliwajibu kwamba majina ya masultani yamo katika sarafu, bali la mchimbaji sijaliona popote.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji. Sultani alikuwa Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Baba wa Vipawa. Ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe juu ya genge la bahari, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Msafiri yule asimulia kwamba fukara mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Kisha fukara akaongezewa pembe za ndovu na watumwa. (Hapo mimi nasita. Watu kutolewa zawadi kama mbuzi!) Ndugu yake Daudi alipotawala, mwombaji aliambiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu.

Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji na kuupora, na mwaka huo huo wenzao wakajenga ngome Sofala. Kilwa ikapungukiwa. Baadaye iliinuka tena kidogo kwa pembe na, ole, kwa watumwa.

Tangu 1981 magofu yale yamo katika urithi wa dunia. Msikiti Mkuu ungali na makuba yake, na karibu nao wenyeji wa kijiji huendelea na uvuvi wao.