Adui wa Kibanda cha Tandika

Mtaa wetu wa Tandika, wilayani Temeke, ulikuwa na kibanda umiza kilichotukusanya wote: wanafunzi, makonda wa daladala, wachuuzi wa sokoni na mafundi. Kilijengwa kwa mabanzi na mabati, madirisha yakazibwa kwa maboksi ili mwanga usipenye, na mabenchi yasiyo na egemeo yakapangwa hadi mlangoni. Mbele kabisa, ndani ya kizimba cha nondo, ilikaa TV ya chogo, deki na sabufa. Nje uliegemezwa ubao wenye ratiba ya siku kwa chaki: mchana Mhindi, jioni ngumi, usiku muvi kali. Kiingilio kililipwa kwa sarafu. Aliyekosa sarafu alichungulia kwenye matundu ya misumari mpaka atimuliwe.

Kibanda kilikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi wala hashindwi. Adui lazima afe, tena afe vibaya, mbele ya macho ya watu. Muvi ambayo adui wake alipotea kimyakimya ilizusha zogo, na watu waliwahi kumdai mwenye kibanda awarudishie kiingilio chao. Tulilipa ili tuone haki ikitendeka.

Mwenye kibanda ndiye pia aliyetafsiri. Enzi hizo jina la Lufufu lilikuwa limeenea nchini kwa kazi yake ya kutia Kiswahili kwenye muvi za kigeni, na mitaani kulikuwa na vijana waliotamani kufanya kama yeye. Wetu alikaa pembeni ya deki na maiki mkononi. Mazungumzo yakianza alipunguza sauti ya muvi, akawasemea wote yeye mwenyewe: steringi, adui, mwanamke, polisi. Sauti ilikuwa moja tu, ile ile iliyotuambia tusogee mbele wengine waingie. Kwa hiyo kilichobaki cha muigizaji kilikuwa mwili wake. Tulijifunza kusoma macho, mabega, mikono na mwendo, na ndiyo maana mabishano yetu kuhusu waigizaji yalikuwa makali na ya kina kuliko mengi niliyoyasikia baadaye kwa watu waliotazama kwenye kumbi zenye viyoyozi.

Bishano kubwa kuliko yote lilihusu Joker, adui wa Batman. The Dark Knight ya Christopher Nolan ilitoka Marekani Julai 2008. Ilipotufikia ilikuwa kwenye diski ya kuchoma, zile zilizobeba muvi nyingi pamoja, na ndani yake mlikuwa pia na Batman ya Tim Burton ya 1989. Mwenye kibanda akaamua kuziunga usiku mmoja. Ndivyo tulivyomwona adui mmoja akiwa mikononi mwa waigizaji wawili, Jack Nicholson na Heath Ledger, bila kupisha hata usingizi kati yao.

Nicholson alitushika mapema. Mhusika wake ni jambazi anayeangukia kwenye pipa la kemikali, anatoka na ngozi nyeupe, nywele za kijani na tabasamu lisilofungika. Kuna pale anapoingia na genge lake kwenye jumba la makumbusho ya sanaa. Redio iko begani kwa mmoja wa vijana wake, muziki wa Prince unapigwa, na yeye anacheza huku genge likimwagia rangi michoro ya thamani. Mchoro mmoja tu, kazi ya Francis Bacon, anaamuru uachwe kwa kuwa umempendeza. Kibanda kizima kilicheka. Alikuwa adui anayejua kuvaa, anayejua kucheza, anayerusha noti hewani barabarani watu wakazigombania huku amewaandalia gesi ya sumu. Mwisho wake alidondoka kutoka juu ya kanisa, na mfukoni mwake kimashine cha kicheko kikaendelea kucheka. Sheria ilitimia. Watu walipiga makofi.

Kisha akaja Ledger. Huyu hana historia. Anaeleza alivyopata makovu ya mdomo, kisha baadaye anaeleza kwa namna nyingine kabisa, nasi hatuambiwi lipi la kweli. Anatembea kama mtu ambaye mifupa haijamkaa vizuri, mabega yameinama, ulimi unalamba pembe za mdomo. Baadaye nilisoma kwamba ulimi ule ulianza kwa sababu ya makovu ya bandia yaliyotaka kubanduka, naye akaugeuza kuwa tabia ya mhusika. Nilisoma pia kwamba alipokuwa akipakwa rangi nyeupe alikunja uso makusudi, ili rangi ikae na mikunjo na nyufa. Sisi tuliona nyufa zile kwenye TV ya chogo iliyojaa chenga, na mtu wa benchi la mbele akasema, "Huyu hajapaka rangi, huyu anaumwa."

Tukio la chumba cha mahojiano ndilo lililonyamazisha kibanda. Joker yuko peke yake mezani gizani, taa zinawaka ghafla, kumbe Batman yuko nyuma yake. Anabamizwa kichwa mezani. Anapigwa ngumi. Anacheka, na kila ngumi inamwongezea kicheko, mpaka mpigaji ndiye anayeonekana kushikwa. Mtafsiri wetu, ambaye hakuwahi kukosa neno, alishusha maiki akaacha picha iende yenyewe.

Na mwisho wake ulivunja sheria zote mbili za kibanda. Adui hakufa: aliachwa ananing'inia kichwa chini, anacheka. Steringi hakushinda: alikimbia usiku akifukuzwa na polisi na mbwa, amebeba lawama za mauaji yasiyo yake. Zogo lililofuata lilimalizikia barabarani.

Kesho yake bishano lilihamia kwenye kijiwe cha kahawa, penye kashata na ubao wa drafti. Vijana wa sokoni walimtetea Nicholson. Walisema adui ni burudani, mtu ametoka kubeba magunia tangu alfajiri, anataka kuona adui anayependeza. Mimi nilikuwa upande wa Ledger, lakini sababu sikuwa nayo zaidi ya kusema anatisha.

Aliyenipa sababu ni fundi cherehani mmoja mzee, mtu aliyeingia kumbi za sinema za mjini kama Empire na Avalon enzi za ujana wake.

"Shikamoo mzee. Hebu tuamulie," tulimwambia.

"Marahaba. Nyie mnamtazama nani, adui au steringi?"

"Adui, mzee. Si ndiye tunayembishania?"

"Basi ndiyo maana hammalizi. Mtazameni steringi. Adui akishapita, steringi amebaki yule yule? Kama amebaki yule yule, adui alikuja kucheza ngoma tu. Kama amebadilika, hapo kuna mtu amefanya kazi."

Mmoja wa vijana akamjibu, "Lakini baba, huyo si mwandishi aliyeandika hivyo?"

"Mwandishi anaandika steringi akasirike. Anayemkasirisha ukaamini ni muigizaji. Mimi nikikata kitambaa vizuri na mshonaji akashona ovyo, suruali hiyo utaivaa?"

Kipimo kile nimekibeba hadi leo. Batman wa Michael Keaton, baada ya Nicholson kuanguka, anasimama juu ya jengo akiitazama taa yake angani, mlinzi wa mji kama alivyokuwa, ila sasa mji umemkubali. Nicholson aliibeba muvi na kuondoka nayo, na hilo si jambo dogo. Batman wa Christian Bale ni habari nyingine. Amempoteza Rachel, mwanamke aliyempenda, kwa kuwa Joker alimpa anwani mbili akiwa amezibadilisha. Amemwona Harvey Dent, mwendesha mashtaka aliyekuwa tumaini la mji, akigeuka muuaji. Na ameamua kusema uongo ili mji usikate tamaa. Yote hayo yangekuwa maneno ya karatasi kama mtu aliyekaa ng'ambo ya meza asingetushawishi kwamba kweli hakuna kitu unachoweza kumtishia nacho.

Kulikuwa na hoja moja pale kijiweni iliyonikera, na bado inanikera. Ledger alifariki New York tarehe 22 Januari 2008, akiwa na miaka 28, miezi kadhaa kabla muvi haijatoka. Habari hiyo ilipofika mtaani ilifika na chumvi: Joker ndiye aliyemuua, jini la mhusika lilimpanda likagoma kushuka. Wachunguzi wa New York walisema ni kifo cha bahati mbaya kilichotokana na kuchanganya dawa za hospitali. Lakini hadithi ya jini ilipendwa zaidi, kwetu na kwao pia.

Naikataa kwa sababu inamnyang'anya marehemu kazi yake. Mtu aliyepandwa na jini hahitaji kufanya mazoezi. Ledger alijifungia kwenye chumba cha hoteli London kwa takribani mwezi mmoja, akitafuta sauti ya mhusika na kuandika daftari la mawazo yake. Kabla ya hapo, mwaka 2005, alicheza mchunga mifugo asiyefungua mdomo kwenye Brokeback Mountain, akateuliwa kuwania Oscar. Ukimweka mchunga yule na Joker pamoja, mmoja anayemeza maneno na mwingine anayeyatema, unaona fundi aliyejua anachokifanya. Februari 2009 alipewa Oscar ya muigizaji msaidizi bora, ikapokelewa na baba yake, mama yake na dada yake. Tuzo ile ilikuwa ya kazi, na heshima anayostahili ni ya kazi.

Kibanda hakikudumu. Simu zenye memori kadi ziliingia, kila mtu akawa na muvi mfukoni, na mwenye kibanda akaona faida iko kwenye ligi ya Uingereza. Kijiwe kilibaki, na bishano likabaki nacho. Mwaka 2018 ilipotoka Black Panther, sisi watu wazima sasa tulimbishania Killmonger wa Michael B. Jordan. Muvi ile ilikuwa na wa kwetu ndani yake, Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, lakini aliyetugawa ni adui. Ni mtoto wa Oakland aliyeachwa yatima na watu wa damu yake, anarudi kuuliza kwa nini nchi tajiri ya Kiafrika ilijificha wakati Waafrika wenzao wakiuzwa na kunyongwa. Nusu ya kijiwe ilisema ana haki ya kukasirika, nusu nyingine ikasema njia yake ni ya damu. Kipimo cha yule mzee kilijibu: mfalme T'Challa anamshinda, halafu anafanya sehemu ya kile adui alichodai. Anafungua mipaka ya Wakanda, anaanzia pale pale Oakland. Na Jordan alilibeba hilo kwa machozi yake zaidi ya misuli yake.

Mwaka uliofuata akaja Joaquin Phoenix na Joker ya Todd Phillips. Alipunguza mwili kwa kilo zaidi ya 20, mbavu zikaonekana, na alicheka kwa maumivu kama mtu anayekabwa na kicheko chake. Oscar ya muigizaji bora ya 2020 ilikuwa yake. Kabla ya hapo ni mhusika mmoja tu, Vito Corleone wa The Godfather, aliyewahi kuwapa Oscar waigizaji wawili tofauti. Vijana wengi leo watakuambia Phoenix ndiye mkubwa wa wote. Ninamheshimu sana, lakini kazi yake ilikuwa nyingine. Hakuwa na steringi mbele yake. Alikuwa mgonjwa aliyetelekezwa na mji wake, na muvi nzima inatutaka tumwelewe tu. Hilo ni gumu, lakini si sawa na kukaa meza moja na mtu mwenye nguvu kukuzidi, umefungwa pingu ama umefunguliwa, ukamfanya yeye ndiye mwenye hofu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni ule ule nilioutetea kijiweni, sasa nikiwa na sababu: katika maadui wa muvi za mashujaa, Heath Ledger bado hajapata wa kumfikia, na Michael B. Jordan ndiye aliyemkaribia zaidi. Anayebisha atafute lile tukio la chumba cha mahojiano, azime sauti kabisa, amtazame Batman badala ya Joker. Akimaliza, aje tubishane.