Nilimlaumu yaya, kumbe ni skurubu moja tu

Je, msomaji mpenzi, umewahi kumkata mtu mshahara kwa kosa ambalo hakulifanya? Mimi nusra nifanye hivyo, tena bila kukosa usingizi, lau si ndugu yangu mdogo na bisibisi ya cherehani.

Nyumbani kwetu tuna kompyuta ya mezani, au tarakilishi, kama walimu wetu wa Kiswahili walivyotutaka tuiite. Mume wangu aliinunua ikiwa mtumba, kisha akaiongezea kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora kila unachokiona kwenye kiwambo. Kadi hiyo si pambo. Wikendi yeye huhariri video za harusi na mazishi, na pesa zake ndizo hutusaidia kulipa karo. Kompyuta ile ikiugua, nyumba nzima huugua.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha akina mama wa chama chetu. Sebule yetu ni ndogo, nawe unajua jinsi viti vya kuazima vinavyokula nafasi. Nikaivuta ile meza hadi pembeni, na kasha la kompyuta nikalisukuma kwa mguu. Waya fulani ukanasa, nikauvuta, ukaachia. Wageni walikula, wakachanga, wakaenda zao. Habari ya meza nikaisahau kabisa.

Jumatatu jioni nikaiwasha kompyuta. Taa ndogo iliwaka na feni ikavuma, lakini kiwambo kikabaki cheusi tititi. Kisha ndani ya kasha nikasikia mlio mmoja mrefu, ukifuatwa na miwili mifupi. Mume wangu alikuwa safarini Kisumu. Bwana harusi mmoja alikuwa amekwisha kulipa nusu ya pesa na alitaka video yake Ijumaa.

Hebu niambie, wewe ungemshuku nani? Ni nani aliyeshinda hapo nyumbani mchana kutwa na kitambaa cha vumbi mkononi? Nikamwita yaya kutoka jikoni.

"Dada, umeifanya nini hii kompyuta?"

"Mama, mimi nilipangusa juu tu," akajibu. "Sijaisukuma. Labda ni siku ile ulipovuta meza."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Nilimwona mjuaji. Mtu niliyemwajiri, naye ananirudishia kosa langu usoni! Nikamwambia tutaonana fundi akija.

Fundi alikuja Jumanne. Aliiwasha kompyuta, akainamisha sikio, akatikisa kichwa kama daktari aliyefikwa na mgonjwa asiye na tumaini. "Kadi imekufa," akasema. Nyingine ya mkono wa pili ingenigharimu Sh14,000. Akapokea Sh500 za kuja kwake, akaondoka. Hakufungua skurubu hata moja, nami sikuona ajabu.

Usiku huo nikapiga hesabu. Kumkata yaya Sh2,000 kila mwezi, miezi saba. Nikamwambia. Hakulia wala hakubisha. Alisema, "Sawa, Mama," akaendelea kuosha sufuria. Nilijua ana mtoto wa kidato cha pili kwao nyumbani, anayesomeshwa na mshahara huo huo. Nilijua, na bado nilisema.

Jumatano nikampigia ndugu yangu simu kumwomba anikopeshe. Yeye husomea mambo ya umeme chuoni, na mkopo hakunipa.

"Dada, huyo fundi aliifungua?"

"La."

"Basi usinunue chochote. Huo mlio unaousema, mmoja mrefu na miwili mifupi, katika kompyuta nyingi maana yake ni kwamba mashine haiipati kadi ya picha. Kutoipata si lazima iwe imekufa. Huenda imekaa vibaya tu."

Akaniongoza kwa simu. Kwanza zima, chomoa plagi ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki umalizike. Chomoa nyaya zote nyuma. Laza kasha juu ya meza. Gusa chuma chake kabla ya kugusa kitu kingine ndani, kwani mwili wa binadamu hubeba umeme tuli, na cheche usiyoihisi yatosha kuharibu vipande hivyo.

Bisibisi niliyokuwa nayo ni ile ya cherehani. Skurubu mbili za nyuma zikatoka, ubavu wa kasha ukateleza. Ndani mlikuwa na giza na vumbi la kutosha kupanda sukuma. Nikahitaji mtu wa kunishikia tochi. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Yaya akaja, akashika tochi, akamulika.

Msomaji, hata asiyejua lolote angeona. Kadi ya picha huchomekwa ndani ya mdomo mrefu mwembamba ulio kwenye ule ubao mkubwa ambao mafundi huuita madabodi. Ukingo wake una vijimeno vya rangi ya dhahabu, 82 kila upande, navyo vyapaswa kuzama vyote ndani ya mdomo huo. Huko ndiko kadi inakopata habari, na pia umeme, wati 75 kwa zile kubwa. Zinazohitaji zaidi hupewa waya wao wa ziada. Yetu ilikuwa imeinuka upande mmoja kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nusu ya vijimeno ilikuwa nje, ikimetameta chini ya tochi.

"Tazama nyuma, mahali waya wa kiwambo unapoingia," ndugu yangu akasema. "Skurubu ya kuishikilia kadi ipo?"

Haikuwapo. Palikuwa na tundu tupu. Pengine aliyeiweka kadi hiyo aliona uvivu kuirudisha. Na waya wa kiwambo, ule ule uliokuwa umenasa Jumamosi nikauvuta kwa nguvu, ulikuwa umefungwa kwenye ncha hiyo hiyo ya kadi. Nilivuta waya, waya ukainua kadi.

Tochi haikutikisika. Yaya hakusema neno, nami sikuthubutu kuinua macho.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Mwisho wa ule mdomo kuna kibanio kidogo cha plastiki. Nikakibonyeza, kadi ikatoka. Niliishika pembeni tu. Vumbi nikalipangusa kwa brashi kavu ya rangi, vijimeno kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. (Wako wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Mimi niliogopa kukwaruza dhahabu isiyo yangu.) Nikairudisha wima, nikaisukuma kwa vidole gumba viwili hadi kibanio kikalia "ka". Ndugu yangu alinionya nisilazimishe: ikikataa, ichomoe uitazame upya. Skurubu nikaipata kwenye kopo la vifungo vya nguo, hapo alipoitia mume wangu Mungu ajuaye lini. Nikarudisha nyaya, wa kiwambo nikauchomeka kwenye kadi yenyewe, si katika tundu la madabodi, kosa ambalo naambiwa wengi hulifanya kisha wakadhani kadi ndiyo mbovu.

Nikawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha kiwambo kikajaa mwanga.

"Haya, Mama," yaya akasema, akiizima tochi. "Acha nikaanue nguo."

Nilibaki nimekaa pale nikitazama picha ya maharusi wa watu. Kwa muda nilijidanganya kwamba nitanyamaza tu, mwezi uishe, mshahara nimpe kamili, mambo yapite. Tumelelewa hivyo wengi wetu. Mwajiri haombi radhi. Hatimaye nikamfuata kwenye kamba.

"Dada, nilikukosea. Ni mimi niliyevuta meza. Pesa zako hazitaguswa."

"Asante, Mama," akajibu kwa shida, kwani alikuwa ameuma kibanio cha nguo. Akaendelea kukunja shuka.

Video ilimfikia bwana harusi Alhamisi. Yaya yungali nasi. Kila asubuhi yeye hupangusa runinga, kabati na viti vyote, na akifika kwenye meza ile huacha kama shubiri moja kuizunguka kompyuta. Vumbi limechora mstari hapo. Mimi hulipangusa mwenyewe Jumamosi, mapema, kabla hajaamka.